Kipimo kifupi cha akili: ile 0.95 inaficha nini

Fungua maelezo ya toleo fupi lolote la kipimo cha akili. Namba itakayotangulizwa mbele ni uhusiano wake na toleo kamili (namba inayofika 1 pale alama mbili zinapokwenda sambamba kabisa): 0.91, 0.93, pengine hata 0.95. Inapendeza macho. Msomaji anapiga hesabu ya dakika atakazookoa na mjadala unaishia hapo. Kwa maoni yangu, katika namba zote zinazoweza kuandikwa kuhusu toleo fupi, hiyo ndiyo yenye kusema machache zaidi, na mara nyingi imenoneshwa kwa lishe isiyo yake. Swali lenye uzito ni hili: mtu akipata 77 kwenye toleo fupi, hiyo 77 inaweza kuyumba kwa alama ngapi, na makadirio ya kuyumba huko yamepatikanaje?

Tuanze na sarafu. Chukua watu mia kadhaa, kila mmoja arushe sarafu mara 60 na kuhesabu vichwa. Hapo hakuna akili inayopimwa, ni bahati tupu. Sasa mirusho 30 ya kwanza iite toleo fupi, na yote 60 iite toleo kamili, kisha tafuta uhusiano wa alama hizo mbili. Utapata karibu 0.71. Kipimo kisichopima chochote kimepata 0.71 dhidi ya "toleo kamili" lake! Sababu ni nyepesi: mirusho 30 ile ile imo ndani ya 60. Kitu kimelinganishwa na nafsi yake kwa nusu nzima, na bahati ya upande mmoja ndiyo bahati ya upande wa pili.

Hivyo ndivyo namba nyingi za matoleo mafupi zinavyozaliwa. Mtafiti anachukua makaratasi ya watu waliokwisha kufanya kipimo kizima, anachomoa maswali kadhaa, anajumlisha, kisha analinganisha jumla hiyo na jumla kuu. Hakuna mtu aliyefanya toleo fupi peke yake. Kama mtu alisinzia kwenye swali la 14, kusinzia huko kumeingia kwenye alama zote mbili, na hesabu inalisoma kosa hilo kama makubaliano.

Tuweke namba. Kipimo kina maswali 60 na uthabiti wa 0.90 (uthabiti ni kiasi alama zinavyojirudia bila kuyumbishwa na bahati, na 1 ni ukamilifu). Kikigawanywa katika nusu mbili zinazolingana, kila nusu ina uthabiti wa 0.82 hivi. Uhusiano wa nusu moja na kipimo kizima, ukihesabiwa kutoka makaratasi yale yale, ni 0.95. Lakini mtu akifanya nusu hiyo leo na kipimo kizima siku nyingine, makosa hayashirikiani tena, na uhusiano unaotarajiwa ni 0.86. Kikomo hicho hakina ujanja wa kukikwepa: ni kipeuo cha pili cha zao la thabiti mbili, yaani 0.82 mara 0.90. Kwa hiyo ile 0.95 ina takriban pointi tisa za mia ambazo hazimo kwenye kipimo chenyewe. Hoja hii si mpya. Levy aliifafanua kwa urefu mwaka 1968, na mwaka 2000 Smith, McCarthy na Anderson waliorodhesha dhambi za watengenezaji wa matoleo mafupi, hii ikiwamo. Dhambi zinaendelea kutendwa.

Ufupisho wa kuondoa sehemu nzima ya kipimo, kama ile ya msamiati, hauumizwi sana na jambo hili. Kipimo chenye sehemu 10, kila moja ikiwa na uthabiti wa 0.85 na sehemu zikihusiana kwa 0.50, ukibakiza sehemu nne utapata uhusiano wa 0.94 usiosahihishwa na 0.91 uliosahihishwa. Ukibakiza mbili: 0.86 na 0.83. Kusahihisha kwenyewe ni rahisi. Mahali ambapo sehemu imehusianishwa na nafsi yake, hesabu ya kawaida inaweka 1. Wewe weka uthabiti wake, hapa 0.85. Ni badiliko dogo kwenye jedwali, na sioni udhuru wa kuliacha.

Kupunguza maswali

Kanuni ya kukadiria uthabiti wa kipimo kilichofupishwa ni ya mwaka 1910, ilipochapishwa na Charles Spearman na William Brown kila mmoja kivyake. Chukua k kuwa urefu mpya ukigawanywa kwa urefu wa zamani, na r kuwa uthabiti wa zamani. Uthabiti mpya ni k mara r, gawanya kwa 1 jumlisha (k toa 1) mara r. Kipimo chetu cha maswali 60 chenye 0.90 kikibaki na 30 kinapata 0.82. Kikibaki na 20, 0.75. Kikibaki na 12, 0.64.

Namba hizi zikibaki hivyo hazimtishi mtu, kwa hiyo zigeuze ziwe alama. Kosa sanifu la upimaji ni mkengeuko sanifu (kiasi alama za watu zinavyotawanyika kuzunguka wastani), ambao kwa IQ, alama ya akili yenye wastani wa 100, ni 15, mara kipeuo cha pili cha 1 toa uthabiti. Uthabiti wa 0.90 unatoa kosa la alama 4.7, 0.82 unatoa 6.4, 0.75 unatoa 7.5, 0.64 unatoa karibu 9. Zidisha kwa 1.96 upate ukanda wa asilimia 95. Maswali 60: juu na chini kwa alama 9. Maswali 30: alama 12 au 13. Maswali 20: 15. Maswali 12: 18 hivi. Mtu aliyepata 100 kwenye maswali 12 anaweza kuwa popote kati ya 82 na 118, na hapo wamo zaidi ya robo tatu ya watu wote. Jibu hilo ungeweza kulitoa bila kumwita mtu kwenye chumba cha upimaji.

Kanuni hiyo inadhani maswali yaliyobaki yanafanana kwa ubora na yaliyoondolewa. Ukibakiza yaliyo bora zaidi utapata matokeo mazuri kuliko makadirio, lakini hapo kuna mtego. Maswali "bora" yamechaguliwa kwa data fulani, na sehemu ya ubora wake ni bahati ya data hiyo. Uthabiti uliohesabiwa kwenye sampuli ile ile iliyotumika kuchagua maswali ni wa kujisifu mwenyewe. Gawanya sampuli kabla ya kuchagua: nusu moja ya kuchagulia, nusu ya pili ya kukagulia. Au, vizuri zaidi, kusanya watu wapya wafanye toleo fupi peke yake.

Mtego wa pili ni alfa ya Cronbach, makadirio ya uthabiti yanayotazama jinsi maswali yanavyokubaliana. Ukiamua kubakiza maswali yanayoipandisha alfa, utabakiza yanayofanana mno. Maswali manane ya msamiati yenye ugumu ule ule yatakupa alfa nzuri na kipimo kibovu: kinapima ukanda mwembamba wa jambo moja, na mtu mwenye uwezo wa juu au wa chini kabisa hakimwoni. Uthabiti umepanda, uhalali (kupima kweli kile kinachokusudiwa) umeshuka. Lipe nafasi swali linaloishusha alfa kidogo ikiwa ndilo pekee linalowafikia watu wa ncha.

Kanuni ya kusitisha nayo huleta udanganyifu wake. Vipimo vingi vinavyotolewa ana kwa ana huanza na maswali mepesi na kukoma baada ya makosa kadhaa mfululizo. Maswali yasiyoulizwa hupewa sifuri. Mlolongo huo wa sifuri hufanya maswali magumu yaonekane yanakubaliana sana, na alfa hupanda bila mtu kujibu chochote. Sasa ukichomoa kila swali la tatu, kama walivyofanya Satz na Mogel mwaka 1962 kwenye sehemu tatu za kipimo cha Wechsler cha watu wazima (nyingi kati ya zilizobaki walichukua kila swali la pili), kanuni ya kusitisha hubadilika maana. Makosa matatu mfululizo kwenye toleo fupi yanawakilisha ngazi tisa za ugumu za toleo la awali. Tena, alama ghafi za njia hiyo huzidishwa kwa tatu ili zisomwe kwenye majedwali ya zamani (yale yanayogeuza alama ghafi kuwa alama sanifu), na kosa moja la bahati mbaya linazidishwa pia: mtu amekosa swali moja, ameshushwa ngazi tatu.

Matrisi za Raven, kipimo cha michoro yenye kipande kinachokosekana ambacho mtu hukichagua, zina tatizo lao. Toleo la kawaida lina maswali 60 katika seti tano za 12, na kila seti huanza na mepesi. Yale ya mwanzo humfundisha mtu namna ya kufikiri inayohitajika kwa yale ya mwisho. Kwa hiyo kuchomoa maswali tisa au kumi na mawili kutoka huku na huko hakufupishi muda tu. Kunaondoa mafunzo yaliyomo ndani ya kipimo. Swali la 11 la seti bila yale kumi ya kabla yake huwa gumu kuliko lilivyokuwa. Hapa ndipo uhusiano uliohesabiwa kutoka makaratasi ya zamani unapopotosha kabisa, kwa kuwa waliofanya makaratasi hayo walipitia mafunzo hayo yote.

Kupunguza sehemu

Hii ndiyo njia ninayoipendelea, na karibu kila kipimo kifupi cha kuheshimika kimeifuata. Badala ya kuzichuna sehemu zote, unachukua chache na kuzitoa kamili, pamoja na mazoezi yake ya kuanzia na kanuni zake za kusitisha. WASI-II ya mwaka 2011, kipimo kifupi cha familia ya Wechsler, ina sehemu nne (msamiati, kufanana kwa dhana, kupanga vibao, na matrisi) zinazochukua kama nusu saa, au mbili tu, msamiati na matrisi, kwa robo saa. Jambo la maana kwake ni kwamba ina majedwali yake yenyewe, yaliyotengenezwa kwa watu waliofanya toleo hilo hilo. Huo ni ukoo tofauti na toleo lililokatwa na mkasi kutoka kipimo kikubwa.

Ukilazimika kukata mwenyewe, uthabiti wa jumla hupatikana hivi. Jumlisha thabiti za sehemu ulizochagua. Jumlisha mahusiano ya kila jozi, kisha zidisha kwa 2. Ongeza majumla hayo mawili, halafu gawanya kwa idadi ya sehemu jumlisha mahusiano yale yale yaliyozidishwa kwa 2. Mfano: sehemu mbili zenye 0.90 na 0.86, zinazohusiana kwa 0.50. Juu ni 1.76 jumlisha 1.00, yaani 2.76. Chini ni 2 jumlisha 1, yaani 3. Uthabiti ni 0.92, kosa sanifu ni alama 4.2, ukanda wa asilimia 95 ni alama 8 kila upande. Ongeza sehemu mbili nyingine zenye 0.87 na 0.89, mahusiano yote yakiwa 0.50, na uthabiti unafika 0.95, ukanda ukishuka hadi alama 6 na kidogo. Kwa kulinganisha, WAIS-IV ya mwaka 2008, kipimo kamili cha Wechsler cha watu wazima, yenye sehemu 10 za msingi ina uthabiti wa 0.98 kwa alama ya jumla, na kosa sanifu lake ni kama alama 2.

Tazama kinachotokea hapo. Sehemu mbili kamili zina uthabiti kuliko maswali 30 yaliyonyofolewa. Dakika zikiwa chache, ni heri utoe sehemu mbili nzima kuliko sehemu kumi zilizokatwakatwa.

Kisha linakuja kosa ambalo hata wazoefu hulifanya: kugeuza alama za sehemu kuwa IQ. Mtu amepata 6 na 6 kwenye sehemu mbili zenye wastani wa 10 na mkengeuko wa 3. Wengi huchukua wastani, 6, wakaona uko chini kwa mkengeuko mmoja na theluthi, wakaandika 80. Si sahihi. Jumla ya sehemu mbili haina mkengeuko wa 6. Ina mkengeuko wa 3 mara kipeuo cha pili cha (idadi ya sehemu jumlisha mahusiano mara 2), hapa 3 mara kipeuo cha pili cha 3, yaani 5.2. Jumla yake ni 12, wastani wa jumla ni 20, tofauti ni 8 chini. Gawanya 15 kwa 5.2, zidisha kwa 8, toa kwenye 100: 77. Sababu ni kwamba kuwa chini kwenye vitu viwili kwa pamoja ni nadra kuliko kuwa chini kwenye kimoja. Kanuni hii na ile ya uthabiti wa jumla ziliwekwa wazi na Tellegen na Briggs mwaka 1967, na zinaingia kwenye karatasi moja ya hesabu ya kompyuta. Kadiri mtu anavyosogea mbali na 100 ndivyo kosa la njia ya wastani linavyokua, na walio mbali na 100 ndio hasa wanaoamuliwa mambo kwa alama zao.

Mahali pa kuamulia

Chukua kizingiti cha 70, kinachotumika sana kama dalili mojawapo ya ulemavu wa akili. Mtu ambaye alama yake ya kweli ni 74, akipimwa kwa kipimo chenye kosa sanifu la alama 3, ana nafasi kama moja kati ya 11 ya kuangukia chini ya 70. Akipimwa kwa toleo lenye kosa la 6.4, nafasi hiyo ni zaidi ya moja kati ya nne. Hakuna kilichobadilika kwa mtu huyo, ila dakika zilizookolewa.

Ndiyo maana wapimaji wa siku nyingi hulitumia toleo fupi kama mlango wa kwanza. Kama ukanda wa alama ni 8, kila aliyepata kati ya 62 na 78 anaendelea na kipimo kamili. Endelea naye kwa sehemu zilizobaki. Usiyarudie yale aliyokwisha kufanya, kwani kurudia baada ya siku chache hupandisha alama, hasa kwenye kupanga vibao na kazi za kukimbizana na saa. Andika pia kwamba mpangilio wa sehemu ulibadilika, kwa sababu majedwali yalitengenezwa kwa mpangilio mwingine na mtu aliyechoka si sawa na aliyeanza.

Kwa utafiti wa makundi makubwa sina ugomvi na matoleo mafupi. Makosa ya mtu mmoja mmoja hufutana kwenye wastani wa kundi, na uthabiti wa 0.80 unaweza kutosha, mradi ukumbuke kwamba uhusiano wa akili na jambo lolote jingine utaonekana mdogo kuliko ulivyo. Kwa uamuzi juu ya mtu mmoja, chini ya 0.90 usikubali.

Kitu kimoja toleo fupi haliwezi kukifanya hata likiwa zuri: kulinganisha uwezo wa mtu huyo huyo wa namna mbili, tuseme wa lugha na wa picha. Uthabiti wa tofauti ni wastani wa thabiti mbili toa uhusiano wao, gawanya kwa 1 toa uhusiano huo. Sehemu fupi mbili zenye 0.75 kila moja, zikihusiana kwa 0.60, zinatoa tofauti yenye uthabiti wa 0.375. Ripoti inayosema "ana nguvu upande wa picha kuliko lugha" kwa msingi huo ni sawa na ile sarafu yetu.

Ukisoma ripoti ya toleo jipya, angalia pia ukubwa wa sampuli na umri. Uhusiano wa 0.90 uliopatikana kwa watu 30 unaweza kuwa kweli ni 0.80 au 0.95, kwa watu 200 unabanwa kati ya 0.87 na 0.92. Na kama alama ghafi za watoto wa miaka 6 hadi 16 zimemwagwa kwenye chungu kimoja, uthabiti utaonekana mkubwa kwa sababu tu wakubwa wanajua zaidi ya wadogo. Dai uthabiti wa kila rika peke yake.

Ufupi wenyewe si kosa. Vipimo vya kompyuta vinavyochagua swali linalofuata kulingana na jibu lililotangulia hupata usahihi wa kipimo kirefu kwa maswali machache zaidi, kwa sababu mtu haulizwi yaliyo mepesi mno wala magumu mno kwake. Lakini huhitaji hazina kubwa ya maswali yaliyopimwa ugumu kwa watu wengi kabla, na hesabu ya kosa hutolewa kwa kila mtu kivyake. Karatasi ya maswali 12 yaliyo sawa kwa kila mtu haiwezi kuazima sifa hizo.

Unapoandika alama ya toleo fupi kwenye ripoti, taja jina la toleo na sehemu zilizotolewa, andika ukanda pamoja na alama kwenye sentensi moja, na useme kama majedwali ni ya toleo hilo au umekokotoa mwenyewe. "77, ukanda wa asilimia 95 kati ya 69 na 85, sehemu mbili, kwa kanuni ya Tellegen na Briggs" inatosha. Usiiite "IQ kamili", na usiiweke kwenye safu moja na alama za kipimo kamili cha miaka iliyopita. Atakayefungua faili baadaye ataisoma tofauti ya alama tano kama kushuka kwa akili.